Chumvi ni Bei Gani Huko?

Mama akitaka kujua maisha ya mji fulani, huuliza swali moja tu: chumvi ni bei gani huko? Haulizi mchele. Kwetu Kabambare, Kongo, mpunga tunalima wenyewe, muhogo vilevile, majani yake ya sombe yako nyuma ya nyumba, na mawese yanakamuliwa pale pale kijijini. Nyumba mtu anajenga kwa udongo wa kiwanja chake, na ndugu wanakuja kumsaidia kuezeka. Lakini chumvi haioti shambani. Inatoka mbali, upande wa Ziwa Tanganyika, inapita Fizi na Lulimba, na mvua ikiharibu njia kila shimo linaingia kwenye bei. Ukiijua bei ya chumvi umeijua barabara, na sabuni, na petroli ya taa, na hata dawa.

Salamabila, mji wa dhahabu katika teritwari yetu, tuliupima hivyo hivyo. Vijana waliokwenda kuchimba walishika pesa ambazo mkulima hajawahi kuzishika, ila huko walinunua hata muhogo, hata kuni. Baba mdogo alikaa mwaka mzima akarudi na baiskeli. Ndugu yake aliyebaki shambani naye alikuwa na baiskeli, na mpunga ghalani juu yake.

Leo ninaishi Abilene, Texas. Kaka yangu yuko Portland, Maine, mji ambao Wakongo wengi tuliusikia kiangazi cha 2019, mamia ya waomba hifadhi, wengi wao kutoka Kongo na Angola, walipolazwa katika ukumbi wa michezo wa Expo. Ananiita nihamie. Hoja yake ni mshahara: kima cha chini cha Maine mwaka 2025 kilikuwa dola 14.65 kwa saa, na Texas inafuata kile cha taifa, dola 7.25, ambacho hakijapanda tangu 2009. Mara mbili! Usiku aliponiambia hayo sikulala.

Asubuhi nikachukua daftari. Mtu wa kima cha chini anayefanya saa 40 kwa wiki anafikisha saa kama 173 kwa mwezi. Texas atapata dola 1,254, Maine dola 2,534, kabla serikali haijachukua chake, na jimbo la Maine hukata kodi ya mapato ambayo Texas haina. Pango langu la vyumba viwili ni dola 950. Kaka analipa 2,100. Toa pango: huku zinabaki 304, kule 434. Faida ya ule mshahara wa mara mbili imebaki dola 130.

Na chumvi bado. Maine nyumba nyingi hupashwa joto kwa mafuta yanayoletwa na lori na kumiminwa kwenye tangi. Kaka aliponisomea hesabu ya Januari, nilikumbuka petroli ya Kabambare inavyopimwa kidogo kidogo ili taa ifike asubuhi. Ila Abilene nayo ina chumvi yake, nayo ni gari. Zamu yangu inaisha saa sita usiku, wakati hakuna basi, na asiye na gari hana kazi. Petroli, bima, matairi: vyote hivyo kaka havimhusu, anakwenda kazini kwa miguu. Nikiweka gari langu mbele ya joto lake, siwezi kusema nani ana nafuu.

Kilichonishika ni watoto. Jirani yangu ni mama kutoka mji wa Kasongo. Mke wangu anafanya kazi asubuhi, yeye jioni. Wanapokezana watoto wao na wetu, na hakuna anayemdai mwenzake. Kaka analipa mtu kila wiki amlelee mtoto, na malipo hayo yanazidi mafuta na gari kwa pamoja. Orodha za kulinganisha miji zinaandika pango, umeme na bei ya mayai. Mama wa Kasongo hayumo. Kabambare hatukuwahi kumtia hesabuni kwa sababu kila mlango ulikuwa na wake.

Nilimweleza Mama haya yote kwa simu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Na huyo mama wa Kasongo, yeye hana mpango wa kuhama?"

Sikuwa nimemuuliza. Siku ya mapumziko nilikwenda kupiga hodi kwake.