Daraja Lisilo na Kibanda

Wenzangu wa Dar mnajua mambo ya Daraja la Kigamboni: unafika, kizuizi kimeshushwa, unatoa hela, unapita. Basi mimi mwaka 2024 niliazima gari la mjomba nimpeleke rafiki na masanduku yake Canterbury. Tukapanda daraja la Queen Elizabeth II pale Dartford, Thames iko chini kabisa, sarafu nimezishika mkononi. Hakuna kibanda, hakuna mtu. Nikasema, aa, bure! Jioni nikarudi kwa handaki, bure tena.

Kumbe vibanda viliondolewa tangu 2014. Kamera inasoma namba ya gari, halafu ni juu yako kukumbuka kulipa kwa intaneti au simu kabla ya saa sita usiku wa siku inayofuata. Bure ni saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi tu. Mabango yalikuwapo, nisiseme uongo. Macho yangu yalikuwa yanatafuta kibanda.

Barua zilikwenda kwa mjomba, maana gari lina jina lake. Mbili, kwenda na kurudi: paundi 70 kila moja, nusu ukilipa ndani ya siku 14. Ada yenyewe ilikuwa paundi 2.50 (tangu Septemba 2025 ni 3.50).

Mjomba anaendesha teksi usiku. Alilipa kimya kimya; bahasha nilizikuta jikoni nikitafuta sukari. Nikampelekea pesa, akakataa.

"Mjomba, we soma tu."

Gari sijaliomba tena.