Ndege Iliyoopolewa Ziwani

Ukijaaliwa kufika Trenton, nchini Kanada, ingia katika makumbusho ya jeshi la anga uitazame ndege ya vita, Halifax NA337. Aprili 1945 ilitumwa kuwapelekea silaha wazalendo wa Norwe waliopambana na Wajerumani. Ilitunguliwa, ikazama katika Ziwa Mjøsa. Kati ya watu sita waliokuwamo, mmoja tu ndiye aliyesalimika.

Mwaka 1995 iliopolewa kutoka kina cha zaidi ya mita 200. Kwa miaka kumi watu wa kujitolea waliiunda upya, bati kwa bati, bila ujira. Haitaruka tena. Lakini ukisimama chini ya bawa lake, utawakumbuka wale watano. Na hiyo ndiyo kazi yake sasa.