Usimkate Ndege Tumbo

Ukitembea Kaisho usipite upesi chini ya mkuyu wenye matunda. Huko vilimani, kati ya migomba na mibuni, huenda aliye juu ya tawi ni ndege asiyeonekana mahali pengi duniani: zuwakulu wa uso mwekundu. Makao yake ni kaskazini-magharibi ya Tanzania, Rwanda, Burundi na kusini-magharibi ya Uganda, basi. Wageni humfuata mpaka mbuga ya Ziwa Mburo, Uganda; wewe pengine unaye nyuma ya jiko lako.

Siku hizi simu ya mkononi ina kamera, na vijana wapenda kupiga picha. Vema. Lakini tazama wafanyavyo: wampiga ndege, kisha waikata picha pande zote mpaka ubaki uso tu, ati aonekane mkubwa. Hapo ndipo wamharibupo. Kwani yuko zuwakulu mwingine, wa sehemu nyingine za Tanzania, na uso wake ni mwekundu vilevile. Tofauti iko chini. Wa pande hizi ni mweusi kifua na tumbo. Yule mwingine ana mkanda mweusi kifuani na tumbo la manjano hafifu. Ukilikata tumbo, utamwonyesha nani kwamba umemwona yule adimu?

Tena kuna hesabu. Ukipunguza urefu kwa nusu na upana kwa nusu, umebakiza robo ya picha. Ukiikuza robo hiyo, manyoya huwa kama uji. Heri usogee polepole, au ukae chini ya mti umngoje. Akiwa na njaa atarudi.

Mbele ya mdomo wake acha nafasi, asionekane kama amegonga ukuta. Mimi napenda hata tawi libaki, pamoja na makuyu: mtu ajue anakula nini na anakaa wapi. Ila mbingu nyeupe nyuma yake haifai. Ndege mweusi hugeuka kivuli. Zunguka mpaka majani yawe nyuma yake. Na tundu lake, alilotoboa katika tawi kavu, usilichokonoe kwa ajili ya picha.

Ukitaka kukata, kata nakala. Picha nzima iweke, na kando yake uandike siku na jina la kijiji.