Dishi la Mama

Wasomaji wangu, nilipotea kidogo. Nilikuwa nyumbani Runzewe, kwa Mama.

Kila habari yangu inapotoka saa mbili usiku huwa nampigia simu. "Mama, umeniona?" Naye hujibu, "Nimekuona mwanangu, umependeza." Basi, juzi nafika, nawasha runinga: hakuna picha wala sauti. Upepo wa masika uligeuza dishi, likabaki linatazama mwembe. Mtoto wa jirani akaropoka kwamba ni tangu mwezi wa tatu.

Sikusema kitu. Nikaazima spana, nikapanda ngazi.

Jamani, msiwadharau mafundi wa madishi! King'amuzi cha Mama ni cha Azam. Azam TV ilipoanza mwaka 2013 ilitumia setilaiti iliyoko nyuzi 7 mashariki, juu ya ikweta, kilomita kama 36,000 kutoka ardhini. Sisi Runzewe tuko karibu na nyuzi 32. Kwa hiyo dishi letu linatakiwa kuelekea magharibi, jua linakozama, na kuinuliwa kama nyuzi 60. Ukikosea nyuzi moja tu, huko juu umekosea zaidi ya kilomita 600!

Mama alikaa mbele ya runinga, ananisomea namba kupitia dirishani. "Nguvu sabini!" Nikashangilia. "Ubora sifuri." Hapo nikajifunza: nguvu inaweza kupanda hata kama dishi linatazama anga tupu. Cha kufuata ni ubora. Nikalegeza nati kidogo, nikawa nasogeza dishi upana wa kidole, nasubiri, nasogeza tena. King'amuzi huchelewa kujibu, ukiwa na haraka unaipita setilaiti bila kujua.

"Kumi na mbili... arobaini... sitini na tano! Usiguse!"

Nikakaza nati nikitetemeka.

Usiku ule habari yangu ya wachimbaji wadogo wa Geita ilirudiwa. Mama akasogeza kigoda karibu kabisa na kioo. Dakika mbili nzima hakusema neno. Ilipokwisha akanigeukia.

"Mbona umekonda hivyo?"

Nikajibu ni kamera tu. Yeye alinidanganya miezi yote ile nisihuzunike, nami nikaona nimlipe kidogo.

Lakini wewe unayesoma hapa mjini, lini mara ya mwisho ulikwenda kuangalia dishi la kwenu linatazama wapi?