Herufi Moja Zizini

Wenzangu wasomaji, na ninyi kaka zetu mliokwisha kumaliza masomo hapa, leo nataka tuzungumze juu ya wanyama wa nyumbani. Sitasema habari za maziwa yao wala nyama yao, ila majina yao tu. Huenda mtu akacheka na kusema kwamba hayo ni mambo ya watoto. Ni kweli, nami niliyapata kwa mtoto.

Likizo iliyopita nilikuwa nikimfundisha mdogo wangu kusoma. Nilikata vipande vya karatasi, nikachora mnyama katika kila kimoja, kisha nikamwambia avipange kwa herufi ya kwanza ya jina katika Kiganda, lugha yetu ya nyumbani. Alianza na ente, yaani ng'ombe, akamweka penye E. Akamchukua embuzi, naye E. Kondoo ni endiga, kuku ni enkoko, nguruwe ni embizzi, mbwa ni embwa, bata ni embaata, punda ni endogoyi. Wote wakaingia penye E. Waliobaki nje ni sungura, akamyu, na bata mzinga, ssekkokko. Mtoto akalitazama lile fungu kubwa, akaniuliza, "Kaka, hawa wote ni wa ukoo mmoja?"

Swali hilo ni zuri kuliko alivyojua. Kwa Kiingereza majina mawili ya wanyama yakianza kwa herufi moja, mara nyingi ni bahati tu. Kwetu ni sheria. Ile E si ya mnyama mwenyewe, ni vazi la ngeli yake. Ukitaka kumtaja mbuzi mdogo kwa Kiganda utasema akabuzi: E imevuliwa, na M pia, imebaki -buzi. Mswahili naye husema kibuzi. Vazi limebadilika, lakini mwili ni uleule.

Sasa tuwatazame wanyama wa Kiswahili. Kwanza utadhani wametawanyika: mbuzi na mbwa wako penye M, nguruwe, njiwa na nyuki penye N, kuku penye K. Lakini hao nao walivaa vazi moja, nalo ni N. Mbele ya b sauti hiyo hugeuka kuwa m. Mbele ya g na j hukaa kama ilivyo. Mbele ya k imekwisha potea. Weka enkoko kando ya kuku, na enkima kando ya kima aibaye mahindi yetu, utaiona n iliyopotea. Nyuki kwetu ni enjuki. Hata fisi, adui wa zizi, kwetu huitwa empisi.

Sisemi kwamba majina yote yanalingana. Ente na ng'ombe hawafanani, wala endiga na kondoo. Lakini nguruwe, ambaye kwetu ni embizzi, kwa jirani zetu wa Rwanda ni ingurube. Ndugu wa baba mmoja hawafanani wote kwa sura.

Kwa nini nawasumbua kwa mambo haya? Kwa sababu katika Uganda wengi husema kwamba Kiswahili ni lugha ya kigeni. Kwa miaka mingi kilijulikana kuwa lugha ya askari na polisi, na watu walikiogopa. Mwaka 2005 Katiba ilirekebishwa, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Lakini sheria haiwezi kumfanya mtu aipende lugha. Nimewasikia wenzangu wakisema kwamba watakiacha mara watakapopata nafasi, kwa kuwa "si chetu". Hao wamelala nacho nyumba moja tangu utotoni bila kukitambua.

Hata hivyo, undugu huu una mtego wake. Kwa Kiganda twasema embuzi yange erya, na kwa hiyo wengi wetu darasani huandika "mbuzi yangu inakula". Kiswahili sanifu husema mbuzi wangu anakula, kwa maana mnyama, ajapokuwa amevaa N, hupatanishwa kama mtu. Jambo hili hatulipati nyumbani, lazima tulisome. Undugu humfikisha mtu mlangoni. Kuingia ni kazi yake mwenyewe.

Tena tuwatazame wenzetu Waacholi. Kwao mbuzi ni dyel na kuku ni gweno, kwa sababu lugha yao ni ya jamii nyingine kabisa. Wao hawana jina la kuwasaidia, hujifunza kila neno kwa jasho, na baadhi yao hutushinda. Je, sisi ambao nusu ya njia tumekwisha bebwa na mama zetu, tuna udhuru gani?

Basi kila mmoja wenu asemaye lugha ya Kibantu na ajaribu mwenyewe atakapokwenda likizo. Asimame penye zizi, ataje wanyama mmoja mmoja kwa lugha ya nyumbani, kisha awavue mavazi yao. Na atakayekuja kuniambia tena kwamba Kiswahili ni mgeni, nitamwomba kwanza anitajie jina la mbuzi kwa lugha ya mama yake.