Usimzike Mtu na Ushahidi Wake

Mtu akinijia akisema kifua kinambana, simuulizi kwanza anaumwa wapi. Namuuliza alifanya kazi wapi, lini, na nani walikuwa wakifanya naye. Mimi ni msaidizi wa kisheria. Naandaa madai ya fidia ya watu walioumia au kuugua kwa sababu ya kazi, katika kaunti za Kitui na Makueni, Ukambani, nchini Kenya. Madai ya kidole kilichokatwa na mashine hayanisumbui sana, kwa kuwa jeraha linaonekana na tarehe inajulikana. Yanayonikosesha usingizi ni ya vumbi la asbesto.

Nyuzi za asbesto ni ndogo mno, jicho haliwezi kuziona. Mtu akizivuta, nyingine hukwama mapafuni na hazitoki tena. Huenda akaishi miaka 20, 30, hata 40 akiwa mzima kabisa, akalima, akasomesha watoto. Kisha pumzi inaanza kukatika. Asbestosisi huyafanya mapafu yawe na makovu na kukakamaa. Saratani ya mapafu nayo huja, na hatari yake huzidi maradufu kwa aliyevuta sigara. Mesothelioma ni saratani ya utando unaoyazunguka mapafu au matumbo, na kwa sehemu kubwa hutokana na asbesto. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba asbesto ya kazini huua zaidi ya watu 200,000 kila mwaka duniani. Hakuna dawa ya kuzitoa nyuzi hizo.

Watu huniuliza asbesto imefikaje Ukambani. Tazama juu. Shule za zamani, nyumba za watumishi wa serikali, wodi na maghala mengi nchini yaliezekwa kwa mabati ya kijivu ya asbesto na simiti. Yaliyovunjika nimeyaona yakiwa ukuta wa banda la kuku. Kisha tazama reli inavyopita Makueni: Sultan Hamud, Emali, Makindu, Kibwezi, Mtito Andei. Injini za mvuke duniani kote zilivishwa asbesto ili joto lisipotee, na breki za treni na magari zilitengenezwa kwa asbesto kwa miaka mingi. Zaidi ya hayo, vijana wetu waliondoka nyumbani kila mvua ilipokosekana, wakaenda Nairobi na Mombasa kufanya kazi za ujenzi, karakana, bandari na viwanda. Walirudi wazee. Vumbi walilivuta kwingine, ila kikohozi wanakohoa huku.

Hospitalini kikohozi hicho hupata jina jingine. Kifua kikuu kipo kwetu, tena kingi, kwa hiyo mhudumu anayekifikiria kwanza hakosei. Lakini makohozi yakipimwa na yasionyeshe kitu, dawa za miezi sita zikimezwa na mtu asipate nafuu, ndipo swali la kazi linapopaswa kuulizwa. Nimeona vitabu vya kliniki vilivyojaa kurasa za pumu, nimonia na kifua kikuu, na hakuna ukurasa hata mmoja ulioandikwa kwamba mgonjwa alikuwa akikata mabati ya asbesto kwa msumeno. Daktari asiyejua kazi ya mgonjwa hawezi kuandika ugonjwa wa kazini. Na usipoandikwa, hakuna fidia.

Sheria ipo. Ni Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, ile ambayo wengi wanaiita WIBA. Inamlazimu mwajiri kuwawekea wafanyakazi wake bima. Haishughulikii ajali pekee: jedwali lake la pili linaorodhesha magonjwa ya kazini, na ya asbesto yamo. Mfanyakazi hatakiwi kuthibitisha kwamba mwajiri alizembea. Anatakiwa kuonyesha kwamba ugonjwa umetokana na kazi.

Malipo yake nayaeleza kwa hesabu, maana maneno matupu hayamsaidii mtu. Aliyepoteza kabisa uwezo wa kufanya kazi hulipwa mapato ya miezi 96. Akiwa amepoteza sehemu tu, hulipwa kwa kiwango cha ulemavu alichopimiwa na daktari. Chukua mtu wa mshahara wa shilingi 15,000 kwa mwezi. Mara 96 ni shilingi 1,440,000. Daktari akiandika kwamba ulemavu wake ni asilimia 40, anastahili shilingi 576,000. Akifa kwa ugonjwa huo, wategemezi wake wanastahili ile miezi 96 yote. Kwa familia ya Mutomo au Kathonzweni, hizo ni karo, ni tangi la maji, ni deni la hospitali lililofutwa.

Madai hayaanzii mahakamani. Yanaanzia kwa mwajiri na kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, kupitia maafisa wake ambao wengi wetu tunawatafuta palepale tunapopaita ofisi ya leba. Mawakili walibishana kuhusu jambo hilo kwa zaidi ya miaka 10, hadi Mahakama ya Juu ilipoamua tarehe 3 Desemba 2019 kwamba utaratibu huo ni halali. Asiyeridhika na uamuzi wa Mkurugenzi ana siku 60 za kuweka pingamizi, kisha anaweza kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Kwa hiyo mtu anayekuambia umpe pesa akakushtakie mwajiri moja kwa moja kwa ugonjwa wa kazini, mwulize kwanza kama Mkurugenzi amepelekewa taarifa.

Ugumu wenyewe uko kwenye faili. Sheria inaweka miezi 12 ya kuwasilisha madai baada ya ajali au kifo. Ugonjwa wa asbesto hauna siku ya ajali. Kwa sababu hiyo nashikilia siku ambayo daktari aliutambua na kuuandika, na tangu siku hiyo sikubali kulala. Naandika barua kwa mwajiri siku zilezile, nakala kwa ofisi ya leba, na nakala yangu igongwe muhuri wa kupokelewa.

Halafu natafuta kazi ya zamani. Karatasi ninayoipenda kuliko zote ni taarifa ya michango ya NSSF, Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii. Mfuko ule ulianzishwa mwaka 1965, na taarifa yake huonyesha nani alichanga kwa ajili yako na tangu lini. Mzee anaweza kuwa amepoteza barua zote kwenye nyumba iliyobomoka, lakini namba yake ya NSSF inamkumbuka. Baada ya hapo natafuta kadi ya zamani ya bima ya afya ya NHIF, hati ya utumishi, stakabadhi ya mshahara, kitambulisho cha kazini, kadi ya chama cha wafanyakazi, hata picha waliyopigwa wakiwa na ovaroli mbele ya karakana. Kila kimoja kinashikilia kingine.

Penye pengo, tunajaza kwa watu. Namwambia mzee, “Nau, baba, nitajie nyapara wako, na waliokuwa wakilala chumba kimoja nawe.” Mara nyingi ananijibu, “Mwanangu, wengi wamekwenda.” Lakini akikaa kidogo anamkumbuka mmoja aliyestaafu Matuu, mwingine aliye na duka Mtito Andei. Tunawafuata. Hati ya kiapo ya mwenzake wa kazi, inayosema walikuwa wakivua lagi, yaani vifuniko vya asbesto vya kuzuia joto, kwenye mabomba bila barakoa, na kwamba vumbi lilitua hadi kwenye sufuria za chakula, ina uzito ambao barua yangu haina. Nawasihi waseme walichokiona kwa macho yao na wasitie chumvi. Shahidi mmoja aliyezidisha huwaangusha wote.

Upande wa daktari ninaomba mambo matatu yaandikwe: jina la ugonjwa, historia ya kazi na vumbi, na kiwango cha ulemavu. Picha ya kawaida ya eksirei mara nyingi haitoshi. Mgonjwa huhitaji CT skani na kipimo cha nguvu za pumzi, na akishukiwa kuwa na mesothelioma hukatwa kipande kidogo cha nyama cha kuchunguzwa. Kwa wengi hiyo ni safari ya Nairobi, nauli, na siku za kulala kwa ndugu. Wapo wanaoachia hapo. Siwalaumu. Ndiyo maana nasema gharama ya kuthibitisha ugonjwa isibebwe na mgonjwa peke yake.

Bima huwa na majibu yake. Kwamba alikuwa mvutaji sigara. Kwamba ni uzee. Kwamba alikuwa kibarua, si mwajiriwa. Nimesimamia madai ya mtu ambaye mwajiri wake alijibu kwamba hakuna rekodi yoyote yenye jina lake, ilhali michango yake ya NSSF ilikuwa imelipwa na mwajiri huyohuyo kwa miaka mfululizo. Taarifa ile ilipowekwa mezani, mazungumzo yalibadilika. Kwa hiyo narudia kila mahali ninapopewa nafasi ya kusema, iwe kwenye baraza la chifu au kwenye kikundi cha kina mama: karatasi ya kazi ni mali ya familia. Ihifadhini pamoja na hati ya shamba.

Kifo kikija, haraka yake huharibu mengi. Mtu akifia hospitalini, sababu ya kifo huandikwa na daktari. Akifia nyumbani, taarifa hupitia kwa naibu wa chifu, na hapo huandikwa kile familia inachokisema: kifua, pumu, homa. Cheti cha kifo chenye neno hilo kitasomwa na kampuni ya bima kama ushahidi kwamba hakuna ugonjwa wa kazini. Najua upasuaji wa maiti ni jambo zito kwetu, na hakuna mjane anayetaka kulizungumza siku ya msiba. Hata hivyo namwomba ndugu mmoja aliye imara azungumze na daktari kabla ya kibali cha mazishi, amkabidhi historia ya kazi ya marehemu, na aulize kama mapafu yanaweza kuchunguzwa. Saa hiyo moja inaweza kuwalisha watoto kwa miaka.

Wapo pia ambao WIBA haiwaoni kabisa. Mke aliyekung'uta na kufua ovaroli za mumewe alivuta vumbi lilelile, lakini hakuwa mwajiriwa wa mtu. Njia yake ni mahakama ya kawaida. Madai ya namna hiyo yana kikomo cha miaka 3, ila kifungu cha 27 cha Sheria ya Ukomo wa Mashtaka kinamruhusu kuomba muda zaidi ikiwa hakujua ukweli wa ugonjwa wake mapema. Jirani wa kiwanda au mwanafunzi aliyekaa chini ya paa lililobomolewa hovyo ana Katiba ya 2010, ambayo kifungu chake cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Tunajua njia hiyo inaweza kufika. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walioathiriwa na sumu ya risasi, walipewa fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020. Mahakama ya Rufaa ikaiondoa mwaka 2023. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Ilikuwa safari ndefu mno, na wengine hawakuifikia mwisho wake.

Swali gumu kuliko yote ni la mwajiri aliyetoweka. Kampuni ilifungwa, mkandarasi alikufa, shirika lilibadilishwa jina. Reli yenyewe ilikuwa ya Jumuiya ya Afrika Mashariki hadi Jumuiya hiyo ilipovunjika mwaka 1977, ikawa ya Kenya, ikakodishwa mwaka 2006, ikarudi 2017. Mfanyakazi ni yuleyule, mapafu ni yaleyale, lakini wa kumwandikia barua anabadilika. Sheria iliyojengwa juu ya mwajiri aliyepo na ajali ya juzi haimfikii mtu huyu. Kinachobaki ni pesa za wazee kutoka serikalini, shilingi 2,000 kwa mwezi, akishatimiza miaka 70 na akiwa kwenye orodha. Huo ni msaada kwa uzee. Fidia ya alichonyang'anywa bado anadai.

Wengine wamelitatua. Uingereza iliunda mpango mwaka 2014 wa kuwalipa wagonjwa wa mesothelioma ambao mwajiri au bima yake haipatikani, na kampuni za bima ndizo zinazochangia. Afrika Kusini, baada ya wachimbaji na familia zao kuzishtaki kampuni za migodi, ulianzishwa mfuko mwaka 2003 unaowalipa waliokuwa wafanyakazi na hata walioishi karibu na migodi fulani. Kenya inaweza kufanya hivyo: tozo ndogo kwa kila sera ya bima ya wafanyakazi, iwekwe kwenye mfuko wa magonjwa ya vumbi, na mtu asiye na wa kumdai alipwe humo kwa ushahidi wa daktari na wa NSSF.

Hatuwezi kungoja Bunge pekee, maana vumbi jipya linavutwa sasa. Kanuni za taka za mwaka 2006 zinaiweka asbesto miongoni mwa taka hatari, na paa linapaswa kuondolewa na wenye leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, mabati yakiwa yamelowanishwa, yasivunjwe, yafungwe na kuzikwa mahali palipoidhinishwa. Lakini vijana bado hupewa nyundo na kuambiwa wapande juu. Hao ndio watakaoingia ofisini kwangu, au kwa atakayekalia kiti changu, miaka ya 2050.

Kaunti zetu mbili zina uwezo wa kuanza kesho. Kila kituo cha afya kiandike kazi ya mgonjwa wa kifua kwenye kitabu chake. Kila bodi ya shule inayoondoa paa la asbesto iandike majina, namba za vitambulisho na tarehe za wote waliopanda, na nakala ibaki shuleni. Wafanyakazi wapimwe mapafu kabla na baada, kama kanuni za uchunguzi wa afya kazini za mwaka 2005 zinavyotaka kwa kazi za hatari. Na wewe uliye na mzazi aliyefanya kazi karakana, reli, bandari au kiwandani, kaa naye wiki hii na daftari. Andika mwajiri, mwaka, kazi aliyoifanya na majina ya wenzake. Kisha nenda naye NSSF mkachukue taarifa yake, angali hai aweze kuieleza.