Tabianchi au tabia ya inchi?

Kamusi huandika "tabianchi" kama neno moja, na sisi darasani tunalipokea hivyo. Katika soko la Virunga, hapa Goma, neno hilo hukatika vipande viwili.

Nilimsindikiza mwanafunzi wa kilimo aliyekuwa na fomu ya maswali. Alimuuliza mama mmoja anayelima mashu na karoti Kibumba kama ameona mabadiliko ya tabianchi. Mama akajibu palepale: "Eh, mwanangu, tabia ya inchi imeharibika kabisa." Akaeleza vita, vizuizi vya barabarani na pesa zinazodaiwa pale. Kwenye fomu ikaandikwa: hajui.

Mama alijibu sawasawa swali alilolisikia. Kwake tabia ni mwenendo, na inchi ni Kongo.

Kibumba watu wengi husema Kinyarwanda, na mwaka wao una majina manne: umuhindo, mvua za kuanzia Septemba, urugaryi, kiangazi kifupi cha kuanzia mwezi wa kwanza, itumba, mvua za Machi hadi Mei, na icyi, kiangazi kirefu. Nikamuuliza kuhusu umuhindo. "Siku hizi unatudanganya," alisema. Mvua hunyesha siku mbili, watu wanapanda, halafu jua linawaka wiki mbili na miche inakauka. Mkulima anayesema kwamba jina la majira limeachana na mwezi wake ameshaona kile ambacho fomu ilikuwa inatafuta.

Tena alitenganisha sababu. Mvua inayopita katika moshi wa Nyiragongo huunguza majani. Hiyo, alisema, ni ya volkano, haihusiani na umuhindo.

Naye hajakaa kungoja. Mbegu zake hazimwagi zote kwa mara moja: anazigawa sehemu tatu, kila moja na wiki yake. Pembeni anapanda lengalenga, kwa kuwa huchumwa baada ya mwezi hivi, wakati shu hudai karibu miezi mitatu. Juu ya tuta hutandaza majani makavu, maana udongo wa volkano hunywa maji upesi na kijito cha kumwagilia hakuna.

Haya yote hayakuingia katika fomu. Na wanaopanga mbegu na mafunzo husoma fomu. Wakikuta "hajui", watamletea mama huyu somo juu ya jambo analolijua, na mbegu zinazokomaa haraka anazozihitaji hawataziwaza.

Kwa hiyo nina ombi kwa wenzangu wanaotafuta mada ya kazi ya mwisho wa masomo. Tukusanye majina ya majira katika Kinyarwanda, Kihunde, Kinande, Mashi na Kiswahili cha hapa Goma, pamoja na miezi ambayo wazee waliyapa na miezi yanayoangukia leo. Atakayekuja na fomu nyingine aanze na swali hili: mwaka huu umuhindo ulianza lini?